Kijiji cha nyumba kumi na moja, daftari langu lina kumi

Wakuu, salaam kutoka Muscat. Mnaonijua humu mnaijua chumvi yangu, ila hii naileta kavu. Mtaelewa sababu.

Mimi ni dereva wa familia moja hapa Mabela. Form four niliipata kwa masomo ya jioni, na nilivyotangaza yale matokeo ungedhani nimepewa uprofesa.

Baba wa nyumba, Mzee Nasoro, aliwahi kuishi Unguja, Kiswahili anakijua. Akasikia. Akaninunulia daftari.

"Andika kijiji chetu. Wanangu wana shughuli."

Kijiji chenyewe kipo milimani huku huku Oman, hakina mtu tena. Wote walihamia mjini.

Basi kila alasiri tunakaa barazani, yeye anasema, mimi naandika. Watoto wanapita, simu sikioni. Na mimi miaka mitatu hapa, rafiki yangu mkubwa lilikuwa geti.

Siku ya kwanza niliandika "nyumba zaidi ya mia". Akaniambia nimsomee.

"Mia za wapi? Kumi na moja. Kule mfereji ni mmoja, kila nyumba na zamu yake ya maji. Hiyo ya kumi na mbili utaipa maji ya nani, we muongo?"

Nikafuta. Tukafuata zamu ya maji, nyumba kwa nyumba: nani kagombana na nani, mjane gani aliachiwa maji na jirani mwaka mzima.

Tulipomaliza ya kumi nikasema, "Baba, imebaki moja." Ya kwao.

"Nnajua. Hiyo kesho."

Kesho ikazaa kesho. Mara turudie ya tatu, mara ya saba. Nikadhani kachoka.

Kumbe alijua tukimaliza, sina tena sababu ya kukaa naye. Nami sikumsukuma. Niliogopa hilo hilo.

Amefariki mwezi uliopita.

Msiba ulipotulia, binti yake mkubwa, Bi Zuwena, akaniomba nimsomee. Nikasoma zote kumi. Akangoja.

"Na yetu?"

Wakuu, mimi naweza kukutungia nyumba nzima na mbuzi wake. Siku hiyo nilishindwa hata mlango.

"Hakuisema, dada."

Akakaa kwenye kiti cha baba yake.

"Basi usiijaze. Iachie zamu yake."

Nikaacha ukurasa mweupe.

Nilichojifunza: ukikaa na mzee, anza na nyumba yake. Za jirani zitafuata.

Wewe ya kwenu unaijua? Shusha hapa chini, chumvi iache jikoni.