Vidole Vitatu na Nusu Ukutani Karema

Wiki iliyopita tulitembezwa kwa miguu kwenye misheni kongwe ya Karema, wanafunzi sita na kiongozi mwenyeji. Alitutajia mapadri wazungu wote, majina hadi makaburi. Nikamuuliza, "Na haya matofali, kaka, aliyafyatua nani?"

Akagusa tofali lenye alama ya vidole vitatu na nusu. "Babu wa baba yangu. Kimoja kilikatwa na shoka. Kaburi lake hatulijui, tuna alama hii tu."

"Mbona hukusema?"

"Dada, nyie wageni hamuulizagi."

Mwenzetu mmoja akainua simu. "Bro, sogea kidogo, unaziba ukuta."

Kiongozi akasogea, akaomba radhi. Chuoni tunaulaani ukoloni kwa Kiingereza safi, halafu tukifika Karema tunamwondoa mwenye ukuta asituharibie picha.