Sikio la Fundi Kamera

Kwenye harusi ya mpwa wake, fundi kamera alishika kipaza sauti akatamba kwamba sikio lake linapima sehemu ya elfu ya sekunde, mwenye shaka alete kamera. Kazi yake ni hiyo: anavuta wenzo, anabandika kamera sikioni kama anayenong'onezwa umbea, anabonyeza. Ndani, mapazia mawili ya kitambaa, ndiyo shata yenyewe, yanafukuzana na mwanga unapita kwenye upenyo kati yao. La pili likisuasua, upande mmoja wa picha unaungua. Siku hizi anabonyeza mara sita, anahamia sikio la pili, kisha anapuliza vumbi ambalo halipo. Juzi mpiga picha alirudisha kamera iliyotoka kwake wiki iliyopita ikiwa "imepona". Fundi akaibonyeza, akasikiliza, akasema haina neno.

"Pazia la pili linaburuta, baba watoto," mkewe akasema kutoka mlangoni, macho kwenye ushonaji wake. "Tangu wiki ile. Nilidhani umeliacha makusudi, si ndio ufundi wenu?"

Mpiga picha alicheka peke yake. Fundi aliweka bisibisi chini taratibu, akafuta vidole, vidole ambavyo hata leo havitetemeki, kisha akamwuliza mpiga picha kwa sauti ya chini, kama anayeulizia dawa ya aibu, mashine ya kupimia shata inauzwaje siku hizi.

"Laki mbili na nusu," mpiga picha akajibu.