Ndoo ya Mchanga Uani

Mimi ni mtu wa kushuku. Muuza samaki akiniapia kwamba changu huyu ni wa asubuhi hii hii, namfunua mashavu nijionee mwenyewe. Fundi akisema atakuja kesho, namuuliza kesho ya lini. Mume wangu husema ningezaliwa mwanamume ningekuwa askari wa forodha, na hasemi hivyo kwa kunisifu. Basi aliponiambia kwamba amevuka daraja kwenda kwenye makao ya mbwa waliookotwa, na kwamba kuna mmoja amempenda, nilimtazama usoni nikitafuta mzaha. Sikuuona.

Sababu niliijua. Miezi michache kabla, mwizi aliruka ukuta wa ua wetu hapa Mji wa Kale, mchana kweupe, sisi tukiwa tumejilaza baada ya chakula. Alibeba mtungi wa gesi na nguo zilizokuwa kambani. Binti yetu, mtoto wa pekee, ndiye aliyefungua mlango wa uani akakutana naye uso kwa uso. Hakuguswa, alhamdulillahi. Lakini tangu siku hiyo hakukubali kukanyaga uani peke yake. Bafu letu liko huko uani, kwa hiyo kila alipokwenda nilimsindikiza, nikasimama nje nikiimba ili asikie kwamba nipo. Mume wangu ni mtu wa zamu, kazi yake bandarini, gatini Mbaraki, na sauti yangu ya kuimba si ya kumtuliza mtu.

Lakini mbwa! Mtaa wetu ni wa paka. Mbwa kwetu ni wa kutupiwa jiwe akipita. Nikampigia simu ustadhi anayemsomesha binti yangu Kurani, nikiwa na hakika atanipa hoja ya kukataa. Akasema mbwa wa kulinda nyumba ameruhusiwa, mradi tuchunge najisi: akikulamba, au ukimgusa mmoja wenu akiwa na majimaji, osha mara saba, mara moja kati ya hizo kwa mchanga. Mkiwa wakavu nyote wawili, hakuna cha kuosha. Nilimshukuru, nikakata simu, nikamshuku na yeye. Kuhusu ukavu niliamua kutobahatisha. Nilijaza mchanga safi kwenye ndoo, nikaiweka uani kando ya pipa la maji, na kopo la bati juu yake. Kisha nikatangaza sheria ya nyumba: akikugusa, mkavu asiwe mkavu, mbio kwenye pipa.

Tulikwenda kumchukua sote watatu. Alikuwa mbwa wa rangi ya mchanga mbichi, sikio moja limekatika ncha, mbavu zahesabika. Mama mwenye makao yale alikuwa mkweli. Alisema mbwa huyu ameshachukuliwa mara mbili na mara mbili amerudishwa, kwa sababu hawazoei watu.

"Mpeni mwezi mmoja," alisema. "Asipozoea mnirudishie, sitawalaumu. Lakini akirudi mara hii sitampeleka tena kwa mtu. Atazeekea humu ndani."

Binti yangu alimpa jina kabla hatujafika darajani. Mimi nilimwita "huyo".

Siku za mwanzo mbwa alikuja kutunusa, kama mgeni yeyote anayetaka kujua amefikia kwa nani. Alimnusa binti yangu kiganja, nikapiga ukelele: "Osha! Osha mbio!" Mtoto akatimua. Kopo likagonga pipa, maji yakamwagika, mchanga ukasuguliwa mpaka ngozi ikawa nyekundu. Mume wangu akipitiwa na mkia mguuni, vivyo hivyo. Mimi mwenyewe alinilamba kisigino nikianika nguo, nikaruka karibu nikate kamba. Tena maji yenyewe ya kununua kwa mkokoteni. Mume wangu aliniangalia, akatoka kumwita mwenye mkokoteni.

Baada ya juma moja hivi, mbwa akabadilika. Aliacha kutukaribia. Alipita akiambaa ukutani, akajitafutia pahali chini ya ngazi inayopanda kwa jirani wa juu, akawa anakaa humo akitutazama. Chakula hakukigusa mpaka tumeingia ndani. Binti yangu akiketi kizingitini akimwita, alitoka hatua mbili tatu, akasimama, mkia chini, asije wala asiende. Mtoto alikuwa ameanza kukaa uani kwa ajili yake, hata bafuni akienda bila wimbo wangu, hilo nililiona na nikalifurahia. Lakini mbwa mwenyewe alinitia wasiwasi. Simba mwenda pole ndiye mla nyama, na huyu alikuwa mpole kupita kiasi.

Jirani wa juu, bi mkubwa ambaye dirisha lake linatazama ua wetu, hakusaidia.

"Mwanangu," aliniita asubuhi moja, "huyo mbwa wenu hatanibwekea hata mimi?"

"Habweki, Bi Mkubwa."

"Basi wajua kwa nini. Mbwa wa kuokotwa hao ni wa wezi. Hufundishwa kunyamaza. Yuwatazama tu, apime pa kupitia."

Nilicheka, lakini maneno yaliniingia. Ni kweli alikuwa akipima. Nilianza kumvizia nyuma ya pazia la jikoni. Niligundua kwamba kila ninapokwenda kwenye pipa, hata kama ni kuchota maji ya kuoshea mchele, yeye hunyanyuka na kujificha chini ya ngazi, masikio yamelala kama mtu mwenye hatia. Hatia ya nini? Nikakagua ukuta. Nikakagua kufuli. Nikahesabu vijiko, Mungu anisamehe, kana kwamba mbwa ana haja na vijiko.

Kisha ikapotea ndara ya binti yangu, ya mguu wa kushoto. Nilijua pa kuitafuta. Nilimsubiri mbwa aende kunywa maji, nikainama chini ya ngazi na tochi ya simu, nikaiona ndara imelazwa juu ya gunia lake. Niliitoa kwa fimbo nikaigeuza kotekote nikitafuta alama za meno. Haikuwa na hata moja. Hilo lilinikasirisha zaidi. Mbwa anayetafuna viatu namwelewa, lakini anayeiba kiatu na kukihifadhi ana mpango gani?

"Mwizi," nilimwambia mume wangu, nikimwonyesha ushahidi. "Kikulacho ki nguoni mwako. Tumemkimbia mwizi wa nje tukaleta wa ndani."

"Ni ndara ya mtoto, mama."

"Leo ndara."

Mwezi ulikuwa unakaribia kwisha. Nilimkumbusha maneno ya yule mama wa ng'ambo. Mbwa hajazoea, hiyo ni dhahiri, na mtu hawezi kumlazimisha kiumbe apende watu. Mume wangu hakubisha, na kutobisha kwake kuliniuma kidogo, maana nilijua amempenda. Alipiga simu, wakaelewana kwamba gari litakuja Jumatatu. Binti yangu alipoambiwa hakulia. Aliuliza tu kama nitakuwa naimba tena akienda bafuni.

Jumamosi alasiri akaja mgeni, mwenzake mume wangu kazini, mtu wa Rabai, Mkristo, mpole wa maneno. Alituletea machungwa ya kwao. Binti yangu alikuwa chuoni kwa ustadhi. Tulimkaribisha uani kwa sababu ndani palikuwa na joto, mume wangu akatoka kwenda kununua kahawa Makadara, nami nikarudi jikoni kukaanga bajia. Dirisha la jikoni li wazi daima, na macho yangu pia.

Nikamwona mbwa anatoka chini ya ngazi. Mgeni alikuwa ameketi kigodani akimenya chungwa, mkono mmoja unaning'inia. Mbwa akamsogelea polepole, akaunusa mkono, akaulamba. Kisha akaruka nyuma na kukimbilia chini ya ngazi, akachungulia. Hakumtazama mgeni. Alitazama pipa, kisha mgeni, kisha pipa tena, kama mtu anayengoja jambo analolijua. Mgeni alikuwa akila chungwa lake. Mbwa akatoka. Akaulamba mkono tena, akarudi nyuma hatua chache tu, akatazama pipa. Mgeni akampapasa kichwani bila hata kumtazama, kama mtu anavyogusa ukingo wa meza. Baada ya hapo mbwa alijilaza, akaweka kidevu juu ya kiatu cha yule bwana, akafumba macho.

Bajia ziliungua. Nilitoka uani na mwiko mkononi. Nilikuwa na hakika kwamba huyu ni mbwa wake, kwamba alimchoka akamtupa, na sasa amekuja kuona kama ametupata wajinga wa kumlelea.

"Shemeji," nilisema, "huyu mbwa wamjua?"

"La, shemeji. Ndiyo kwanza namwona leo."

"Mbona akulalia miguuni?"

Aliangalia chini kana kwamba ndiyo kwanza anagundua. "Labda amechoka," alisema.

Kwa aibu, na kwa sababu mgeni lazima alishwe bajia zilizosalia, nikaona nimpe maji anawe. Nikachukua kopo nikalitumbukiza pipani. Bati likagonga pipa. Hata maji hayajajaa, mbwa alikuwa ameshatoweka chini ya ngazi.

Mgeni alinawa, akashukuru, akaendelea na chungwa. Mimi nilibaki na kopo mkononi. Nililirudisha juu ya mchanga, nikangoja mpaka nikaiona pua yake imejitokeza. Nikaligonga lile kopo kidogo tu, kwa ukucha wa kidole. Pua ikarudi ndani.

Nilikaa kwenye ngazi ya kwanza, juu ya maficho yake. Juma lile la kwanza, kila alipomgusa mmoja wetu, mtu huyo alipiga kelele na kukimbia. Kopo, maji, mchanga, kusugua, uso wa karaha. Aliona mara moja, mara mbili, mara kumi, akaelewa kwamba kugusa kwake ni dhara. Akaacha kutugusa. Alikuwa ametuhurumia kwa namna yake, na mimi namvizia nyuma ya pazia nikihesabu vijiko. Alimpenda mtoto, na kwa kuwa mtoto haguswi, akachukua ndara.

Niliona uchungu ambao sikutarajia kuuona kwa ajili ya mbwa. Ustadhi aliniambia nioshe. Hakuniambia nikimbie, wala nipige kelele. Hayo niliyaongeza mwenyewe.

Mume wangu alirudi na kahawa wakanywa, na mgeni alipoondoka akamsindikiza. Nilivaa dera kuukuu, lile ninalopakia chokaa, nikaketi kizingitini, nikanyoosha mkono karibu na sakafu. Nikamwita kwa jina lake. Lilitoka kwa shida, maana sikuwahi kulitumia. Alichungulia. Nilimwita tena. Bi mkubwa wa juu alikuwa dirishani, namjua, sikuinua kichwa. Mbwa alikuja kwa kuambaa ukuta mzima wa ua, akazunguka mbali na pipa, akasimama, akanyoosha shingo mpaka kwenye mkono wangu. Pua yake ilikuwa baridi. Kisha akanilamba kiganja, mara moja, upesi, akakimbia mafichoni kabla sijakimbia mimi.

Sikuondoka. Mkono ulikuwa umelowa na kila kitu nilicholelewa nacho kilikuwa kinaniambia nyanyuka. Niliuma mdomo nikakaa, kiganja wazi juu ya goti, naye akinitazama toka gizani chini ya ngazi.

Ndipo binti yangu akaingia kutoka chuoni, juzuu yake kifuani. Aliuona mkono wangu unang'aa mate. Nilimfunza vizuri, kwa kweli, kwa sababu alipiga kelele papo hapo:

"Mama! Osha! Osha mbio!"

Chini ya ngazi nilisikia kucha zikirudi nyuma.

"N'taosha," nilimwambia. "Weka juzuu yako ndani, kisha uje ukae nami kwanza."

Aliniangalia kama alivyonitazama baba yake nilipokuwa nikimwonyesha ndara. Lakini aliweka juzuu, akaja, akaketi, akanyoosha mkono wake kando ya wangu. Mbwa alipotoka alikuwa na ndara mdomoni, ile ile, kwani aliichukua tena nisijue. Aliiweka chini mbele ya mtoto. Kisha akamlamba vidole, akageuka kulitazama pipa, akamtazama mtoto. Mtoto hakukimbia. Alicheka, akalia, akacheka. Mimi nililia tu.

Baba yake aliporudi alitukuta hivyo. Alitoa simu mfukoni, nami nikamwambia, "Waambie gari lisije."

Magharibi ilipoadhiniwa, nikanyanyuka. Nilikwenda kwenye pipa polepole, nikalishusha kopo bila kuligonga, nikiongea naye njia nzima, maneno yasiyo na maana, kama niliyokuwa nikimwimbia mtoto nje ya bafu. Niliosha mara saba, moja kwa mchanga, mimi kisha binti yangu. Nilipogeuka, alikuwa palepale kizingitini tulipomwacha, kichwa juu ya ndara, akitungoja.