Tulipoketi Mchangani

Katika shule yetu ya jioni pale Changamwe, kusoma kulikuja baada ya drili. Mwalimu alikuwa askari aliyerudi kutoka vitani na goti bovu, naye alishikilia kwamba kuli aliyebeba magunia kutwa hawezi kushika kalamu mpaka viungo vyake vilegezwe. Basi jua likiwa bado kali, watu wazima wenye ndevu na watoto nyumbani tulipangwa mstari turuke kamba.

Mimi nilikuwa mzito kuliko shehena yote ya bandari. Siku ya kwanza nilianguka kwa kishindo, nina hakika watu wa Kisauni walitoka nje kuulizana ni bomu gani. Mwenzangu mmoja, mpakia makaa, akasema, "Jamani, mmoja aende bandarini akaazime winchi."

Mwalimu hakucheka. Alikuja akaketi mchangani ubavuni mwangu, na goti lake lile. "Keti, mpakia makaa. Nyote ketini. Hapa akianguka mmoja, tumeanguka sote. Tunapumua, kisha tunainuka pamoja."

Ikawa ndiyo desturi yetu. Tuliketi hata suruali zikatoboka. Lakini aibu ilikwisha, na ilipokwisha hata kusoma kukawa kwepesi: mtu akikosea neno ubaoni, hakuficha uso. Mimi niliyezoea kutia sahihi kwa dole gumba la wino, niliandika jina langu, herufi kubwa kama milango.

Ndipo akaja mkaguzi, Mzungu, pamoja na mwalimu mkuu. Siku zile bandarini kulikuwa na maneno ya mgomo, na wakubwa wakiona makuli wawili wakiombana kiberiti, tayari roho ziko juu. Mwalimu alitaka sana tupendeze, maana mkaguzi ndiye angeamua kama ataendelea kutufundisha. Akaruka kamba mwenyewe kutuonyesha. Goti likamsaliti. Akaanguka kifudifudi mbele ya viatu vya mkaguzi.

Tukaketi. Sote, kimya, mikono magotini.

Mkaguzi alirudi nyuma. "Waambie wasimame," akamwambia mwalimu mkuu. Mwalimu mkuu akatupigia kelele. Hatukusimama, tulikuwa tukimngoja mwalimu wetu apumue. Haki ya Mungu, tulidhani tunampa heshima.

"Inukeni, ndugu zangu," mwalimu akasema, akijifuta mchanga. Kwa neno lake tukainuka mara moja, na hilo likamharibia zaidi. Juma lile akafukuzwa. Walisema anawafundisha makuli kugoma.

Jumapili, baada ya kanisa, mimi na mpakia makaa tulivuka kwa feri kwenda kwake Bofu, kumweleza sijui nini. Alitukaribisha mkekani, mkewe akatumiminia chai.

"Mwalimu, tulifanya ulivyotufundisha," nikasema.

"Najua." Akalinyoosha goti lake mkekani. "Siku ile moja tu, laiti mngenicheka. Mkaguzi naye angecheka, yakaisha."

Mpakia makaa akamaliza chai yake kwa funda moja.

Mwalimu alipoinuka kutusindikiza, goti likamsaliti tena, pale mlangoni. Akaangukia mkono mmoja. Hatukuketi, wala hatukucheka. Tulisimama tu, mikono haina kazi, mpaka mkewe akaja kumwinua.