Mzigo Aliokataa Kuniinulia Mama Mkwe

Nakumbuka asubuhi moja mama mkwe wangu aliponiacha nimekaa chini bondeni na mzigo mgongoni, akakunja mikono akanitazama tu. Nakupa kisa chote, mwanangu Makena, maana kukwambia "pumzika" kumenishinda. Kila nikipiga simu unanijibu, "Niko sawa, mama." Sawa gani hiyo ya kuanguka darasani mbele ya watoto?

Wakati huo nilikuwa na miaka ishirini na sita na ng'ombe watatu wa maziwa. Watatu! Kwenye kishamba ambacho ukigeuka unagusa ua. Nepia yao, yale majani marefu ya kulisha ng'ombe, ilikuwa kule chini karibu na mto, na kila siku nilishuka mara mbili nikapanda na majani mgongoni, ukanda wa mzigo umenikaza paji la uso. Unajua kwetu mzigo mkubwa hujitwiki mwenyewe. Unakaa chini, unavaa ukanda, mwenzako anakuinua. Basi mimi nilikuwa nafunga mzigo wa watu wawili. Wanawake wa kanisani walinisifu, "Huyo ni mwanamke wa nguvu," na mimi mjinga nikazidi kuongeza majani. Hakuna hata mmoja aliyenipokea njiani. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.

Tena nilikuwa na mimba ya miezi mitano. Nilikuwa nimeona damu mara mbili nikanyamaza, hata baba yako sikumwambia. Niliona aibu kusema nimeshindwa. Na mimba hiyo, kama hujui, ilikuwa yako.

Asubuhi hiyo nikamwambia mama mkwe, "Mama, niinue." Alikuwa mtu wa maneno machache, na nilimwogopa. Hakusogea.

"Mzigo huwezi kusimama nao, kwani nani alikutuma uufunge?"

"Ng'ombe watalala njaa, mama."

"Wacha walale! Nimeona vile unafua nguo ukijificha, mimi si kipofu. Ng'ombe akikufa tutanunua mwingine. Huyo wa tumboni tutamnunua soko gani? Laare?"

Nilikasirika, jamani. Nikajaribu kuinuka peke yangu, nikarudi chini kwa makalio. Mama akanivua ukanda, akafungua mzigo, akanifungia majani ya kushikwa mkono mmoja. Mengine yote tuliyaacha pale pale, tukapanda polepole.

Wiki hiyo tuliuza ng'ombe wawili. Baba yako akang'oa migomba iliyokuwa karibu na zizi, tukapanda nepia hapo, nikaachana na bonde. Nililia kama niliyefiwa. Watu wakasema nimekuwa mvivu, wakasema mpaka wakachoka, na mimi nilikuwa nalala. Ukazaliwa mzima, na sauti ya kuamsha kijiji.

Ndiyo maana unanichosha, Makena! Nilikupata kwa kupunguza, na wewe unajimaliza kwa kuongeza. Unafundisha shuleni Kinoru siku tano, Jumamosi una tuisheni, jioni una masomo yako ya chuo, Jumapili unaongoza kwaya, na kila arusi ya ukoo lazima uwe katibu wa kamati. Daktari anakwambia presha imepanda, na wewe unamweleza habari za mtihani wa muhula! Sikio la kufa halisikii dawa, lakini lako bado sijalikatia tamaa.

Sikia basi. Ukishajua nguvu zako zinaishia wapi, usibaki pale pale ukimwomba Mungu akuongezee. Punguza kitu. Jumatatu mwambie mwalimu mkuu kwamba Jumamosi huwezi tena. Kwaya mpe mwingine, hata kama anaimba vibaya. Kamati za arusi zipate katibu mwenye nafasi, wapo tele. Watakusema, waache waseme, hakuna atakayekuja kukuuguza. Atakayekuja ni mimi, na magoti yangu unayajua. Mtaka yote hukosa yote, na mimi sitaki kukukosa wewe.

Mungu akulinde, mwanangu. Akupe usingizi mzito na chakula unachokila ukiwa umekaa. Na akupe ujasiri wa kusema "siwezi" kwa kinywa chako, kabla mwili haujakusemea.