Sukari ya Tuda Iliyorudishwa

Kwenye vilima vya Midelt, kwenye baridi na matufaha, aliishi mwanamke aitwaye Tuda, mwenye mikono mipana na sauti ambayo hata mbuzi wa jirani waliitii. Aliolewa na Bassou kwa Fatiha tu, kama wenzake wote pale mlimani: wazee wakaketi, dua ikasomwa, kondoo akachinjwa, basi. Cheti hakuna aliyekiulizia. Wakalima matufaha yao, wakapata binti, Izza, na miaka ikaenda hivyo hivyo.

Bassou alipofariki, hata arubaini haijaisha, ndugu yake Haddou akaja uani. Akaambiwa aketi, hakuketi.

“Shemeji, bustani ni ya ukoo. Wewe uliishi hapa kwa wema wa marehemu.”

“Kwa wema?” Tuda alikuwa anakanda mkate, akaendelea kukanda. “Nilikuwa mkewe, Haddou. Sikuwa mgeni wake.”

“Basi nionyeshe karatasi.”

Hapo ndipo palipouma. Ndoa isipothibitishwa, Tuda hana fungu, na Izza anabaki mtoto asiye na baba mbele ya sheria. Fedha za wakili wa kulipwa hakuwa nazo. Lakini mjini, siku za soko, wakili mmoja kijana, Nezha, alikaa katika nyumba ya chama cha wanawake akiwasaidia wasio na uwezo, bure kabisa.

Tuda akajitanda shuka lake la sufi, akapanda gari la wauza kondoo. Kwapani alibeba sukari ya kwao, iliyoshindiliwa ikasimama kama mnara mdogo, imefungwa karatasi ya bluu. Kwao huendi kuposa, wala kuhani, wala kuomba radhi, bila sukari hiyo. Na mtu akiikataa, amekukataa wewe.

Nezha alimsikiliza vizuri.

“Harusi yako nani aliila, mama?”

“Kijiji kizima.”

“Na nani kati yao hamwogopi Haddou?”

“Hapo sasa wanapungua,” Tuda akasema, wakacheka wote wawili.

Ndipo Tuda akaweka sukari mezani. Nezha akaisukuma taratibu ikarudi kwake. “Hapana, mama. Hapa hatupokei kitu.”

Alisema kwa heshima, maana ndiyo kanuni ya kazi yao. Na yeye ni mtoto wa Kazablanka, mambo ya mlimani hakuyajua. Akaendelea kueleza habari ya kuleta mashahidi, lakini Tuda hakusikia tena neno. Akabeba sukari yake akaenda zake. Siku ya soko ikapita, na nyingine ikapita, hakushuka mjini. Haddou akaona kimya, akaingia bustanini na mkasi, akaanza kupogoa miti ya Bassou.

Mlio wa mkasi ule ndio uliomwinua Tuda. Alisikiliza kidogo, akafunga mlango, akachukua sukari ile ile. Mjini akaipita foleni nzima mpaka mezani.

“Binti yangu, sukari yangu ina nini?”

“Haina kitu, mama. Nimekungoja sana. Mashahidi wako wapi?”

“Mashahidi wa nini, na wewe umenikataa?”

Nezha akababaika. Bibi mmoja kwenye foleni akamwonea huruma. “We wakili, huku kwetu ukimrudishia mtu sukari umemwambia toka. Huko shuleni hawakuwafundisha?”

“Nilikataa malipo,” Nezha akasema. “Mama, wewe sikukukataa hata kidogo.”

“Haya. Si malipo. Birika liko wapi?”

Ikavunjwa pale pale, foleni nzima ikanywa chai, na wakili akanywa bilauri yake mpaka chini. Kisha wakakaa wakapanga kesi.

Siku ya mahakama Tuda alikwenda kifua mbele. Alikuja na mkunga aliyemzalisha Izza, na Mzee Ucha, mchinjaji wa kijiji, ambaye kwa umri wake hakuona tena wa kumwogopa.

“Kondoo wa harusi hiyo ulimchinja wewe?” hakimu akauliza.

“Mimi. Alikuwa mbishi yule, ikabidi Haddou huyu amkalie.”

Hakimu akamgeukia Haddou. “Ulimkalia?”

Haddou akatazama nyuma, akawaona watu waliokula nyama ile. Akapapasa mkono wa jalaba lake, lile joho la sufi. “Nilishika miguu ya nyuma tu.”

Ndoa ikathibitishwa. Mirathi ikagawiwa inavyopasa: Izza nusu, Tuda thumuni yake, yaani sehemu moja ya nane, na Haddou kilichobaki, maana naye ni ndugu wa marehemu, hakunyimwa haki yake.

Asubuhi moja baada ya mipaka kuwekwa, Tuda alimkuta Haddou juu ya ngazi, mkasi mkononi.

“Shemeji,” Haddou akauliza kwa sauti ndogo, “mti huu ni wangu au wako?”

“Wa Izza,” Tuda akasema, akaishika ngazi isiyumbe. “Teremka polepole.”