Aliyeimba Wimbo wa Bibi Yangu

Kama unataka kucheka, cheka sasa umalize, maana nikishaanza sitapenda kukatizwa. Jambo hili nimewahi kulisimulia mara mbili tu. Mara ya kwanza niliambiwa ni huzuni ya msiba. Mara ya pili nikaambiwa nina wivu. Sikuwa mgonjwa, sikuwa usingizini, na ilikuwa saa kumi ya mchana, jua likiwaka juu ya mji wa Arua.

Nilikuwa mwimbaji. Bendi yetu ilipiga swing, ile jazz ya zamani ya kuchezea dansi, yenye saksafoni, tarumbeta na besi kubwa ya kusimama. Kiongozi wetu alikuwa Drani, mpiga saksafoni, ambaye wote tulimwita Mwalimu. Alinikuta nikiimba kwenye harusi ya binamu yangu kule kwetu Koboko, na kwa miaka tisa akanifundisha namna ya kuvuta pumzi, namna ya kuchelewa kidogo nyuma ya ngoma ili wimbo uyumbe. Nilimwamini kama kaka wa tumbo moja.

Hatimaye tukapata studio kwa siku tatu, turekodi albamu yetu ya kwanza. Nyimbo tisa. Wa mwisho niliutunga mimi, kutokana na wimbo ambao bibi yangu alinibembelezea nikiwa mtoto. Bibi alikuwa mgonjwa, na nilimwahidi ataisikia sauti yangu redioni.

Jumatatu tulirekodi nyimbo nne. Jumanne alfajiri simu ikalia kutoka Koboko: Bibi amefariki. Nikapita studio kumwambia Mwalimu.

"Enda uzike bibi, dada," akasema, amenishika mikono yote miwili. "Ile wimbo yake itangoja wewe. Bila wewe hakuna albamu."

Nikaenda. Wanaume walibeba jeneza, sisi wanawake tukabaki uani tukilia. Jioni nikampigia Mwalimu simu. Nyuma yake nilisikia tarumbeta, na mwanamke akiimba. Nikadhani wanasikiliza kazi yangu ya jana yake.

"Kaa na familia," akaniambia. "Usiwe na haraka."

Maneno hayo yalinifariji. Unaona nilivyokuwa?

Jumatano mama yangu mwenyewe ndiye aliyenisukuma. "Enda umuimbie. Hiyo ndiyo kitu alitaka." Nikapanda gari hadi Arua, sikupita hata nyumbani.

Mlangoni mwa studio nikasimama. Ndani kulikuwa na mtu anaimba wimbo wa Bibi, na sauti ilikuwa yangu. Nielewe: sisemi ilifanana na yangu. Ilikuwa na mkwaruzo ule ule ninaoupata nikishuka chini, na kale kakosa kangu ka kumeza mwisho wa maneno. Ila ilikuwa nzuri kunishinda. Ilipanda mahali ambapo mimi huogopa kupanda, ikakaa huko juu, ikashuka bila papara.

Nikasukuma mlango polepole. Wenzangu walikuwa wameinamia vyombo vyao. Mbele ya maikrofoni alisimama mwanamke aliyenipa mgongo, amevaa gauni la njano. Gauni hilo ni langu. Lilikuwa ndani ya mfuko nilioubeba mkononi.

Saksafoni ilipoingia, akageuka.

Niamini, nilijiona mimi. Si pacha, si mtu wa kufanana. Akanitazama bila chuki wala woga, na kwa kuwa taa nyekundu ya kurekodi ilikuwa inawaka, akaweka kidole midomoni.

Nami nikanyamaza! Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo. Miaka tisa nimefundishwa kwamba taa ile ikiwaka, hata kukohoa ni kosa. Basi nikasimama pale nimebana pumzi, nikamwacha amalize kuniibia.

Taa ilipozimika, akavua hedifoni, akazitundika vizuri, akatokea mlango wa uani. Nikamkimbilia. Uani kulikuwa na ukuta mrefu pande zote, kamba ya nguo, na matope ya mvua ya asubuhi. Hapakuwa na unyayo hata mmoja.

Niliporudi ndani, mpiga besi alinichekea. "Dada, leo uko moto! Lakini nguo umebadilisha saa ngapi?" Yeye hakujua kitu. Nikamgeukia Mwalimu. Alikuwa anafuta saksafoni, hainui macho. Hapo ndipo nikaikumbuka ile simu.

"Jana uliongea na mimi niko Koboko," nikamwambia. "Na yeye alikuwa mbele yako."

Akazidi kufuta saksafoni.

"Mwalimu, ulijua?"

"Nilijua. Ile haikuwa mutu. Simu yako ililia, nikamwangalia, akanicheka tu. Niliogopa, haki ya Mungu. Lakini ulisikia vile iliimba? Mimi natafuta sauti kama ile maisha yangu yote."

"Na mimi?"

"Wewe uko muzuri, dada," akasema taratibu. "Lakini siyo vile."

Albamu ilitoka. Redio zikaipiga, madereva wa malori wakaisikiliza kule Oraba wakingoja kuvuka mpaka. Jina langu liko juu, na picha iliyopigwa studio siku ile ya Jumanne, mimi nikiwa Koboko msibani. Mama aliitazama mara moja, akaigeuza kifudifudi juu ya meza. "Huyu siyo mutoto yangu," akasema, na hatujaizungumzia tena.

Nilijaribu kuuimba wimbo wa Bibi kwenye arobaini yake. Sauti ikakatika katikati, na tangu hapo haijarudi. Sasa ninalima mihogo kijijini, Ayivu. Mwalimu alinifuata huko mara moja, kwa boda, amevaa koti lake la jukwaani. Nilidhani amekuja kuniomba msamaha, nikamwekea kiti. Alikuja kuniuliza kama yule mwanamke amewahi kunitokea tena, maana anataka kurekodi albamu ya pili.

Simchukii yule mwanamke. Labda alitaka kuimba tu. Aliyeniuza ni mtu mwenye unyayo.

Basi sikiliza. Ukinikuta Arua, Koboko au popote, nisalimie, tuongee. Lakini ukinikuta naimba, huyo si mimi, usisimame. Na kama uko na rafiki, mtazame huyo rafiki usoni kwanza. Ukiona anatabasamu kwa sauti ile, ondoka peke yako.